Mzizi Kwanza: Kuchagua Miti ya Matunda kwa Mashamba ya Luseni

Mhadhara kwa wakazi wa Pasiansi, Ilemela, Mwanza



Wengi wetu tunalala Pasiansi lakini mashamba yetu yako kwingine: Misungwi, Magu, Kwimba, Sengerema, wengine ng'ambo Ukerewe. Ni ekari mbili tatu za urithi, au kipande kilichonunuliwa kwa akiba ya mshahara, na nia zetu zinafanana. Tunataka kabla ya kustaafu, au kabla watoto hawajamaliza sekondari, pawe na miti inayozaa. Vuli inapokaribia, swali linaloulizwa kuliko yote ni hili: nipande embe gani? Nami hujibu kwa kuuliza: shimo ulilochimba limekuonyesha nini? Mara nyingi hakuna shimo lililochimbwa. Aina imeshachaguliwa, hata pesa ya miche imeshatumwa, na mwenye shamba bado hajui kilichopo chini ya jembe lake.

Katika ardhi isiyo na bomba wala mfereji, aina ya mti huchaguliwa kuanzia chini kwenda juu. Udongo kwanza, mzizi wa pili, kalenda ya mvua ya tatu. Ladha ya tunda na bei yake sokoni zina nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni ya nne. Tunaharibikiwa kwa sababu tunaanzia huko mwisho.

Nianze na maji, maana sisi watu wa ziwani tunadanganywa na macho. Tunaamka tunaliona ziwa, tunakula sato na sangara wake, tukadhani tunaishi kwenye nchi ya maji. Mwanza hupata mvua ya wastani wa milimita 1,000 kwa mwaka, hivi. Bukoba, ng'ambo ya ziwa hilo hilo, hupata karibu mara mbili yake. Sababu ni upepo. Upepo mkuu wa ziwa hili huvuma kutoka mashariki na kusini-mashariki; ukipita juu ya maji huchota unyevu na kwenda kuumwaga upande wa Kagera. Ndiyo maana mgomba wa Bukoba hausubiri kumwagiliwa, na ndiyo maana ndugu zetu waliotoka Kagera wakahamia huku hushangaa mti uliokuwa ukinawiri kwao unaposimama tu bila kukua. Sisi tuna vuli ya Oktoba hadi Desemba, tuna masika ya Machi hadi Mei, halafu kuanzia Juni hadi Septemba mbingu hufungwa. Ukienda bara zaidi, Kwimba na kuelekea Shinyanga, mvua hupungua na kiangazi huuma zaidi. Mti tunaoutafuta ni ule utakaovuka hiyo miezi minne kwa maji yaliyobaki ardhini peke yake.

Na ardhini hubaki nini? Hapo ndipo pa kukaa kidogo.

Tazameni mawe yetu, haya yaliyobebana juu ya vilima kutoka Kirumba hadi Nyasaka. Ni matale, granaiti, na udongo wetu ni mtoto wake. Jiwe hili likioza hutoa chenga ngumu za mchanga, na hutoa pia ufinyanzi laini. Mvua ya maelfu ya miaka imeuteremsha ufinyanzi bondeni na kuuacha mchanga mteremkoni. Kwa hiyo shamba la kawaida la Usukumani lina udongo wa namna kadhaa, na wazee wetu waliupa kila mmoja jina lake. Juu, chini ya mawe, kuna udongo mwembamba wenye changarawe. Chini yake ni luseni, mchanga mwepesi, rahisi kulima, ambao hunywa mvua upesi na kuikausha upesi, na hauna rutuba ya kutosha. Ukiteremka unakutana na itogolo, ambako tabaka gumu limejificha chini ya mchanga mchache. Jembe hupita vizuri, mzizi hukwama. Mwisho ni mbuga, udongo mweusi unaofura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua.

Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, aliandika mwaka 1935 kwamba udongo wa Afrika Mashariki usomwe kwa mpangilio huu, kutoka kilele hadi bonde, kama pete za mnyororo mmoja. Wazo hilo sasa linafundishwa vyuo vikuu duniani kote. Mkulima wa Kisukuma alikuwa analitumia zamani: uwele na mihogo juu, mpunga bondeni. Kwenye mazao ya msimu tunaifuata hekima hiyo hadi leo. Kwenye miti ya matunda tumeiacha, tunachora mistari iliyonyooka kutoka juu hadi chini na kupanda mche wa aina moja kila baada ya hatua kumi. Kisha mwaka wa tatu tunahesabu mistari ya juu iliyokauka na mistari ya chini iliyooza mizizi, tukisema miche ilikuwa mibovu.

Sasa miti yenyewe. Nitaanza na mwembe na nitaukalia, kwa kuwa kwa luseni yenye kina sijaona mti unaouzidi.

Ushahidi wake ni wa zamani. Njia ya misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, iliacha miembe iliyotokana na kokwa za wasafiri. Tabora kiangazi chake ni kirefu kuliko chetu, na miembe ile haikumwagiliwa na mtu. Ilimea kutokana na kokwa palepale ilipoangukia, ikashusha mzizi mkuu chini kabla ya kuhangaika na matawi. Hiyo ndiyo siri yake. Nyingine ni kalenda. Mwembe hupenda kipindi kikavu ili uchanue. Wa kwetu huchanua katikati ya kiangazi, wakati ambapo ugonjwa wa chule, unaopenda unyevu, hauna nguvu juu ya maua. Matunda yanapoanza kunenepa, vuli inaingia. Hakuna mtaalamu angeweza kuupangia mti ratiba nzuri kuliko hiyo kwa mbingu ya Mwanza.

Ila mwembe upi? Vitaluni mtauziwa Tommy Atkins, Kent, Keitt na Apple. Tatu za kwanza zilipatikana Florida, Marekani. Apple imetufikia kutoka pwani ya Kenya. Tommy Atkins ilipendwa na wafanyabiashara kwa rangi yake na kwa kustahimili safari ndefu. Nyuzi zake ni nyingi na utamu wake ni wa kawaida. Kama soko lako ni Kirumba na Buhongwa, ambako mnunuzi huonja kabla ya kulipa, sioni kwa nini uichague mbele ya dodo au bolibo. Kent ni tamu kweli. Keitt hukomaa kwa kuchelewa, na wauzaji huisifu kwa hilo kwa kuwa bei hupanda embe nyingine zikiisha. Wasichokitaja ni nzi wa matunda. Yule nzi mwenye asili ya Asia aligunduliwa Kenya na hapa Tanzania mwaka 2003, na huongezeka kadiri msimu unavyosonga na mvua kunyesha. Embe la mwisho mtini ndilo linalotagwa zaidi. Anayetaka Keitt awe tayari kwa mitego na kuzika matunda yaliyoanguka. Asiye tayari achague ya mapema.

Na jina hilo la aina, liwe Kent au dodo, ni nusu ya juu tu. Mche wa kubebesha ni miti miwili: kikonyo kinachotoa tunda, na shina la chini linalotoa mizizi. Mnunuzi huuliza kikonyo, hasemi neno juu ya shina. Kwenye bustani inayomwagiliwa kosa hilo linasameheka. Kwenye luseni, shina ndilo linalopambana na Agosti. Ninataka shina lililotokana na kokwa ya embe la kienyeji, lile dogo lenye nyuzi ambalo mti wake umesimama kwenye mchanga kama wako miaka 40 bila ndoo ya maji. Tunda lake hulitaki. Mzizi wake ndio mali.

Machungwa ni vivyo hivyo. Kwenye miaka ya nyuma michungwa mingi duniani ilibebeshwa juu ya mdanzi, hadi virusi vya tristeza vilipoiangamiza mamilioni kwa mamilioni, kwa kuwa mchungwa juu ya mdanzi hauvistahimili. Kwetu shina linalofaa ni mlimau ule wa ganda la makunyanzi: mizizi yake huenda mbali kwenye mchanga na huvumilia ukame. Lakini peleka mti huo huo kwenye itogolo, maji yakae juu ya tabaka gumu siku chache za Aprili, na umekwisha. Machungwa ya Ukerewe yanayoshushwa bandarini kwetu yanatuthibitishia kwamba mchanga wa matale unaweza kuzaa chungwa zuri. Kisiwani wana faida ya mvua zaidi kuliko Kwimba, tusisahau hilo, kwa hiyo wa Kwimba apunguze idadi ya michungwa na aongeze miembe.

Nije kwenye parachichi, na hapa niseme bila kuficha. Kila mtu anataka Hass. Mti wa kwanza wa Hass ulikuwa wa Rudolph Hass, tarishi wa California, aliyeupatia hataza mwaka 1935. Kila Hass duniani ni kikonyo cha kikonyo cha mti ule mmoja. Njombe, Rungwe na Kilimanjaro wanafanikiwa nao, wana nyanda za juu zenye baridi, udongo wenye kina na unyevu wa kudumu. Mizizi ya parachichi inayokula iko karibu na uso wa ardhi, na haina ustadi wa kwenda chini kutafuta maji. Ikikosa maji mwezi mmoja mti unaangusha matunda, na ikikaliwa na maji wiki moja inashambuliwa na ukungu wa kuozesha mizizi. Luseni inautesa kwa la kwanza, itogolo kwa la pili. Nimewaona watu wazima, watu wa heshima, wakiweka kiinua mgongo chao kwenye mamia ya miche ya Hass iliyouzwa kando ya barabara kwa maneno matamu, na Septemba ya pili shamba likabaki na vijiti. Inaniuma, kwa sababu pesa ile ilikuwa ya mara moja maishani. Unataka parachichi kwa ajili ya watoto? Panda mti mmoja wa kienyeji nyuma ya bafu, unywe maji ya kuogea. Biashara ya Hass tuwaachie wenye ardhi yake.

Mkorosho nitaupitia haraka. Unaupenda mchanga mbovu, unapenda kiangazi wakati wa maua, na kituo cha Naliendele huko Mtwara kimetoa aina nzuri. Udongo wetu wa juu unauweza. Swali lake ni mnunuzi: kusini wana vyama vya ushirika na mfumo wa stakabadhi ghalani tangu mwaka 2007. Kabla hujapanda ekari nzima hapa, jua nani atakayepima korosho zako.

Ninachotaka tukizungumze zaidi ni miti ambayo hatuiiti miti ya matunda. Mbuyu, mkwaju, mkunazi, mtopetope. Tunanunua ubuyu wa rangi kwa watoto na ukwaju wa juisi, halafu tunaukata mkwaju shambani ili kupisha kitu tulichokiona kwenye picha.

Mbuyu una sifa ya kuchelewa, na ni kweli ukipanda mbegu unaupandia wajukuu. Lakini mbuyu hubebesheka. Kwa kikonyo kilichotoka kwenye mti mzima unaozaa, mche huanza kuzaa katika miaka isiyozidi mitano hivi. Wamefanya hivyo Mali na Burkina Faso. Na hapa tuna uteuzi mkubwa: kila aliyechunga ng'ombe utotoni anajua mbuyu upi una unga mtamu na upi ni mchachu wa kukunja uso. Maarifa hayo ya wachungaji ni hazina ya mbegu. Jirani zetu wa Chuo cha Taaluma ya Wanyamapori hapa Pasiansi watawaambia jambo jingine juu ya mti huu, kwamba maua yake hufunguka usiku na popo ndio wanaoyachavusha. Anayewafukuza popo kwenye miti yake anajipunguzia ubuyu.

Mkunazi nao. Pale Jodhpur, kwenye ukame wa Rajasthan, India ina taasisi ya utafiti wa nyanda kame tangu mwaka 1959, na mvua ya pale haifiki hata nusu ya yetu. Mkunazi ni mmoja wa miti yao mikuu. Wanaotesha mkunazi mwitu shambani, unashusha mzizi, kisha wanaubebesha palepale kikonyo cha aina yenye tunda kubwa. Mti hupukutisha majani kwenye joto kali, husubiri, mvua ikija huchipua na kuchanua, na hukomaza matunda kwa maji yaliyobaki ardhini. Kwetu mkunazi mwitu unajiotea wenyewe, na tunauona kama miiba ya kuchoma. Kwenye udongo mwembamba chini ya mawe, na kwenye itogolo ambako mwembe unadumaa, mimi ningepanda mkunazi, na mtopetope kando yake juu ya changarawe. Ukingoni mwa mbuga ningeweka mzambarau na mpera, ambayo haiogopi miguu kulowa. Ndani ya mbuga yenyewe ningeacha mpunga ukae.

Kuna atakayesema: udongo mbaya hutengenezwa, kwa nini tuusujudie? Ana haki. Kisiwa cha Ukara, kaskazini ya Ukerewe, kina mchanga wa matale kama huu wetu na watu wengi juu ya ardhi ndogo, na watafiti waliokifikia tangu miaka ya 1930 walistaajabu. Wakara walifuga ng'ombe ndani, wakakusanya samadi mpaka chembe ya mwisho, na wakaotesha mimea ya jamii ya marejea katikati ya uwele ili kuifukia kama mbolea. Walilima shamba lile lile mwaka baada ya mwaka bila kulipumzisha. Kwa hiyo ndiyo, samadi debe mbili zilizooza sawasawa katika kila shimo, matandazo yaliyoachana na shina ili mchwa wasipande, na kingo la udongo lenye umbo la mwezi mchanga, mdomo ukitazama juu ya mteremko, likusanye maji. Lakini samadi haibomoi tabaka gumu, wala haimpi parachichi mzizi mrefu. Huusaidia mti uliochaguliwa vizuri, basi.

Na kuchagua kwa kufuata mahali si jambo geni katika mkoa huu. Katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, pale Misungwi, wataalamu walianza kazi ya pamba miaka ya 1930. Mbegu za kigeni zilishambuliwa na wadudu wanaofyonza majani. Wao wakateua mimea yenye majani ya manyoya ambayo mdudu hakai, wakateua inayostahimili ugonjwa wa majani, wakaendelea kizazi baada ya kizazi hadi tukapata pamba zenye jina la kituo, kama UK82 na UK91. Pamba iliyotusomesha wengi wetu ilichaguliwa juu ya udongo huu huu. Embe, ubuyu na ukwaju havijapata subira ya namna hiyo kwetu, na miti mama inakatwa kila viwanja vinapopimwa. Naomba kila mmoja wenu aanze orodha. Mti gani kijijini kwenu ulizaa hata mwaka ule mvua ilipokata mapema? Unazaa kila mwaka au huzaa mwaka mmoja na kuruka mwingine? Umesimama juu ya luseni au karibu na kisima? Mti wa karibu na kisima usiuandike.

Ukinunua miche, muulize mwenye kitalu maswali mawili: kokwa za shina zilitoka wapi, na mti uliotoa kikonyo uko wapi, tukautazame. Mwenye kitalu mzuri atafurahi kuulizwa. Usivutiwe na mche mrefu. Mche wa miaka miwili ndani ya kiriba kidogo una mzizi uliojizungusha chini, na mzizi uliojizungusha hausahau; mche mfupi wa miezi michache baada ya kubebeshwa utaupita shambani. Panda mwanzo wa vuli, Oktoba au Novemba, upate vuli na masika zote mbili kabla ya kiangazi cha kwanza. Anayepanda Aprili anaupa mche wiki chache tu za kujiandaa.

Ila kwa wenye mashamba makavu zaidi, njia ninayoipenda haihitaji kununua mche kabisa. Mwezi Septemba chimba shimo la kupima, kina cha mita moja na nusu, sehemu tatu za shamba: juu, katikati, chini. Ukikuta udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu, hapo maji hukaa. Ukikuta pagumu kama sakafu kabla ya mita moja, hapo mwembe usiweke. Penye mchanga wenye kina, andaa mashimo ya kupandia ya sentimita 60 kila upande. Desemba, maembe ya kienyeji yakiiva, menya kokwa, toa ile mbegu ya ndani, na uzike mbili katika kila shimo siku hizo hizo, kwa kuwa mbegu ya embe ikikaa wiki kadhaa hufa. Zikiota, acha mche mmoja wenye nguvu. Mzizi wake haujakatwa wala kukunjwa na kiriba. Utakwenda chini utakavyo. Msimu unaofuata, shina likifikia unene wa penseli, nenda kwenye ule mti mama ulioandika. Chagua ncha za matawi zilizokomaa, kata majani yake ukiacha vikonyo vya majani, subiri wiki moja hadi siku kumi chipukizi livimbe, ndipo ukate. Zifunge kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko, zisipigwe na jua, na zibebeshwe ndani ya siku mbili tatu. Funga kwa utepe wa nailoni kutoka chini kwenda juu ili maji ya mvua yasiingie kwenye jeraha, na ondoa kila chipukizi litakalotokea chini ya kifungo.